Kamera inawaka, lakini nani anaiona?

Kamera ya ulinzi iliyofungwa nyumbani mwaka 2014 inaweza kuwa inafanya kazi hadi leo. Taa zake zinawaka usiku, mashine ya kurekodi inaunguruma chini ya televisheni, na kila anayeingia sebuleni anaamini anaonekana. Lakini kompyuta iliyokuwa ikifungua picha zake ilishakufa, na kompyuta mpya haiziwezi. Familia nyingi hugundua hivyo siku wanapozihitaji picha hizo.

Ndivyo ilivyowakuta wazazi wawili wa Tabata, Dar es Salaam. Walifunga kamera nne alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Sasa huyo ni mkubwa, yuko shule, na mdogo wake wa miaka mitatu anashinda nyumbani na dada wa kazi.

Jumanne moja jioni mama alirudi kazini akakuta mkono wa mtoto umeungua. Dada akasema ni uji. Mtoto naye akasema, "Uji moto." Kituo cha afya walisema ni la juujuu, litapona. Lakini nani aliuacha uji karibu na mtoto, na wakati huo dada alikuwa wapi? Baba alitaka binti arudishwe kwao kesho yake.

"Tusimwonee mtoto wa watu," mama akasema. "Tuangalie kamera kwanza."

Akaandika anwani ya kamera kwenye kompyuta mpya, akaweka neno la siri. Ukurasa ukafunguka mweupe, na maandishi yanayomtaka apakue kiprogramu cha kuonyesha picha. Akapakua. Maandishi yakarudi yale yale. Akajaribu Chrome, akajaribu Firefox, kila jioni baada ya kazi. Wiki ikapita.

Kamera haikuwa na kosa. Mwaka 1996 Microsoft ilileta teknolojia iitwayo ActiveX, inayouwezesha ukurasa wa intaneti kuweka kiprogramu kidogo ndani ya kompyuta. Vivinjari vya wakati ule havikuweza kuonyesha video vyenyewe, kwa hiyo watengenezaji wengi wa kamera wakaitegemea. Wezi wa mtandaoni nao wakautumia mlango huo huo. Chrome iliacha kupokea viprogramu vya nyongeza vya mtindo wa zamani mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017. Internet Explorer, iliyokuwa kimbilio la mwisho la kamera hizo, ilistaafishwa na Microsoft Juni 15, 2022.

Kwa hiyo kivinjari kipya kinapokataa, hakijaharibika. Kimefunga mlango uliokuwa ukipitisha wezi. Kazi ya mzazi ni kuiona kamera yake bila kuufungua mlango huo kwa kila mtu.

Fundi wa kwanza aliyeitwa hakulifikiria hilo. Alitaka kupakua kivinjari cha zamani kutoka tovuti asiyoijua mwenyewe, kisha afungue njia kwenye ruta ili kamera ionekane kutoka popote.

"Mama, utaangalia hata ukiwa kwenye daladala," akasema.

"Na mtu mwingine akijaribu?"

"Si kuna neno la siri?"

Neno lenyewe lilikuwa lile lile lililotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na mashine za kurekodi, na ikaziteka kwa wingi. Oktoba 21 mwaka huo, vifaa vilivyotekwa kwa njia hiyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Kwa mzazi, hatari iko karibu zaidi: mtu asiyemjua kuitazama sebule ambayo mtoto wake anacheza na kubadilishwa nguo. Mama akamshukuru fundi, akamlipa nauli.

Wa pili alikuwa kijana wa mtaa wa pili. Alisalimia, "Shikamoo mama," kisha akauliza waya wa televisheni uko wapi. Akaunganisha mashine ya kurekodi na televisheni kwa waya wa HDMI, akachomeka kipanya nyuma ya mashine. Ndani ya dakika tano picha za kamera zote nne zilikuwa kwenye kioo. Hakuhitaji kivinjari wala intaneti. Mashine nyingi za zamani zina tundu la HDMI au la VGA, na hii ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Kisha akahamia kwenye kompyuta. Kivinjari cha Edge kina sehemu inayoiga Internet Explorer, na Microsoft imeahidi kuihudumia angalau hadi mwaka 2029. Kwenye mipangilio ya Edge, sehemu ya kivinjari chaguo-msingi, aliruhusu kurasa zifunguliwe kwa mtindo wa Internet Explorer, akakifunga na kukifungua upya, kisha akaiongeza anwani ya kamera peke yake. Ruhusa hiyo hudumu siku 30, baada ya hapo huwekwa tena. Hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows, si kwenye simu. Kijana akamwonya mama asiutumie mtindo huo kufungulia ukurasa mwingine wowote, hasa wa benki.

Kamera nyingi zinazotumia mtandao zina njia ya tatu. Hutoa video kwa utaratibu uitwao RTSP, na programu ya bure ya VLC huweza kuifungua, kwenye kompyuta au kwenye simu, mradi vyote viko kwenye waifai ya nyumbani. Anwani kamili hupatikana kwenye kitabu cha maelezo cha kamera, kwa sababu kila mtengenezaji ana yake. Kabla ya kuondoka, kijana alibadilisha neno la siri na kuhakikisha ruta haina njia iliyoachwa wazi kwa nje.

Picha zikawa zinaonekana. Mama akatafuta Jumanne ile, asiione. Siku 12 zilikuwa zimepita, na diski yao hubeba siku tisa tu. Ikijaa, mashine hurekodi juu ya picha za zamani. Hata saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa miezi. Alichokitafuta kilifutika wakati yeye akihangaika na ukurasa mweupe.

Ikabidi amuulize binti. Wakakaa jikoni wawili, mtoto akiwa amelala. Dada akaeleza kwamba geti liligongwa, bodaboda ameleta mtungi wa gesi. Aliweka kikombe cha uji juu ya kigoda, akatoka mbio. Alirudi aliposikia kilio, akautia mkono wa mtoto kwenye ndoo ya maji.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilidhani mmeshaona kwenye kamera, mama. Mlivyonyamaza, nikajua mmenisamehe."

Hapakuwa na picha ya kuthibitisha hilo. Baba alifungua simu yake, akatafuta ujumbe wa malipo ya gesi aliyoiagiza mwenyewe akiwa kazini. Ulikuwa wa Jumanne ile, saa 4:12 asubuhi, wakati wa uji. Ujumbe haukuonyesha kikombe kilikuwa wapi, lakini ulionyesha geti liligongwa kwa sababu yake. Hakuzungumzia tena habari ya kumrudisha binti kwao.

Kigoda kimeondolewa sebuleni. Gesi huagizwa jioni, mzazi mmoja akiwepo. Dada ameonyeshwa kila kamera inaona wapi, na ameambiwa wazi kwamba hakuna anayekaa kuzitazama siku nzima. Jambo likitokea, aseme siku hiyo hiyo.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baba hukaa mbele ya televisheni dakika kumi. Hufungua rekodi ya jana, hulinganisha saa ya mashine na ya simu, huhesabu ni siku ngapi zimehifadhiwa. Mzazi mwenye kamera ya zamani anaweza kufanya hivyo wikiendi hii. Kama picha haitoki, afadhali ijulikane siku ambayo hakuna aliyeumia.