Pedi Mbovu

Mlezi wa chama alipotuambia kila mwanachama aandike juu ya kitu anachokijua vyema, wenzangu walikimbilia utunzaji wa mazingira na madhara ya dawa za kulevya. Mimi nilibaki nikitafuna kalamu. Kitu ninachokijua vyema ni gemu, zile za kwenye runinga, na tena mimi ni msichana. Nimezicheza tangu darasa la nne katika kibanda kimoja mtaani kwetu hapa Nakuru, chenye mabati pande tatu na pazia upande wa nne, runinga tatu, mabenchi mawili na joto la kuoka mkate. Gemu moja ni shilingi 20. Basi someni maoni yangu kwanza, kisha mnihukumu.

Wavulana wa pale kibandani hupima gemu kwa picha. Ati angalia jasho la mchezaji, angalia nyasi zinavyopepea! Mimi nina kipimo kingine: nikishindwa, je, ninajua kosa ni la nani? Kipimo hiki sikukipata kwa busara, nilikipata kwa aibu, na hiyo aibu nitaifikia.

Gemu ya kwanza maishani mwangu ilikuwa ya nyoka, kwenye simu ya bibi yangu, Nokia 1100, ile tunayoiita mulika mwizi. Kampuni ya Nokia ilianza kutia nyoka huyo katika simu zake mwaka wa 1997. Hana miguu, hana silaha, hana hadithi. Anakula, anarefuka, na mwisho anajigonga kwenye mkia wake mwenyewe. Hakuna adui humo. Kila ulichokula ndicho kinachokuziba njia. Bibi alikuwa akinipokonya simu kwa sababu ya chaji, lakini usiku nilimsikia chini ya blanketi, ti-ti-ti, naye anamlisha.

Halafu kuna Tetris. Mama ana kile kidude cha plastiki cha miaka ya tisini chenye skrini ya kijivu, alichonunuliwa na mjomba akiwa msichana, na mpaka leo kinafanya kazi ukikitia betri mpya. Vipande vinashuka, unavigeuza, unavipanga, mstari ukijaa unatoweka. Aliyeubuni mchezo huu ni Mrusi, Alexey Pajitnov, mjini Moscow mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba toleo la zamani la Nintendo halimalizwi na binadamu. Kisha mwezi wa Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, alilicheza mpaka hatua ya 157, mashine yenyewe ikakwama. Ikakwama! Mimi wakati huo nilikuwa rika lake kabisa, nimetoka kupokea matokeo ya KCPE, ile ya mwisho kabisa nchini, na nilikuwa nikijiona nimefanya jambo.

GTA San Andreas ya mwaka wa 2004 sitaisemea mengi. Walimu huipiga vita kwa sababu ya bunduki na wizi wa magari, na hawajakosea, lakini mimi iliniudhi kwa jambo lingine. Ukiuawa, unaamka nje ya hospitali, umekatwa pesa kidogo, umepoteza silaha, basi, unaendelea. Hakuna anayekukumbuka wala anayekudai. Nilichokipenda ni kuendesha gari polepole nikisikiliza redio na kusimama kila penye taa nyekundu, huku wavulana nyuma yangu wakilia kwa uchungu wa shilingi 20 zangu.

Sasa tuje kwenye kandanda, maana bila kandanda hakuna kibanda. Gemu tuliyoizoea kwa jina la FIFA ilianza mwaka wa 1993, na mwaka wa 2023 ikabadilishwa jina ikawa EA Sports FC, ingawa pale kwetu ukisema hivyo utachekwa. Ni gemu tamu, siwezi kukana. Mpira unatembea, watangazaji wanaropoka, unasahau hata kama hujala. Lakini ina mambo mawili nisiyoyapenda. La kwanza ni zile pakiti za wachezaji ambazo wenye intaneti nyumbani hununua kwa pesa halisi bila kujua ndani yake kuna nani. Ubelgiji mwaka wa 2018 tume yao ya kamari ilisema huo ni mchezo wa bahati nasibu, na mwezi wa Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi za pakiti hizo nchini humo. La pili, ni gemu inayozaa visingizio kuliko yoyote ninayoijua. Kipa amelala. Refa amenunuliwa (refa wa kompyuta, jamani!). Stima imezubaa. Na kisingizio mfalme: pedi ni mbovu.

Pedi mbovu ipo kweli, msidhani ni hadithi. Pale kibandani ilikuwa moja, imefungwa kwa seloteipu nyeusi, na kile kijiti chake cha kushoto kilivutia upande wa kulia. Mchezaji wako anaondoka kwenda zake kama ng'ombe aliyeona majani. Mwenye kibanda, kijana tu mpole, hakuwa na pesa za kununua nyingine. Ni nani hupewa pedi ile? Watoto wa darasa la pili, wageni, na mimi. Miaka mitatu nilicheza nayo. Nikifungwa nasema, mwaiona pedi yenyewe? Na kweli waliiona, wakanyamaza. Polepole nikaizoea, halafu nikaipenda, kwa maana nikiwa nayo mkononi hakuna siku nilishindwa mimi. Ilishindwa pedi.

Likizo ya Agosti mwaka wa 2025, Mama alimpa kaka yangu shilingi 1,200 akajaze mtungi wa gesi. Kaka alipitia kibandani, nami nikamfuata na mtungi kwa mkono. Akakuta kijana mmoja kutoka mtaa wa pili anayecheza kwa dau. Gemu ya kwanza mia mbili, ya pili mia nne, ya tatu zilizobaki. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mtungi katikati ya miguu yangu, nikitazama mikono yake. Pedi yake ilikuwa ile mpya kuliko zote, na ile ya seloteipu ilikuwa sakafuni, haina mtu. Tulirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Mama aliketi akamsikiliza. Kaka hakuficha kwamba alicheza. Alichosema ni kwamba aliibiwa, kwamba alipewa pedi mbovu makusudi. Mama akanigeukia. "Wewe ulikuwa hapo. Ni kweli?"

Nilisema, "Ni kweli, Mama."

Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni kaka yangu. Labda kwa sababu lile neno nilikuwa nimelisema mara nyingi mno, likajitokea lenyewe. Mama alijifunga leso akaenda mpaka kibandani, akalifungua pazia mbele ya watu wote. Yule kijana hakubishana. Alisema, "Pole sana, Mama, ni makosa yangu, ningalinunua nyingine mapema," akampa shilingi 600 alizokuwa nazo mfukoni. Pesa za dau hakuzigusa hata senti, zilikwenda mtaa wa pili. Jioni hiyo tulipika kwa makaa, na moshi ulipoingia machoni nilishukuru, maana hapakuwa na mtu wa kuniuliza ninalia nini.

Mwezi wa Desemba alinunua pedi mpya, akaitupa ile ya seloteipu. Mara ya kwanza niliyopewa hiyo mpya tulikuwa tukicheza Tekken 7. Tekken ndiyo gemu ninayoiheshimu kuliko zote. Ni watu wawili wanapigana, basi. Lakini sekunde moja humo hugawanywa mara 60, na ngumi ya haraka hutoka kwa sehemu 10 kati ya hizo. Ukichelewa kidogo umepigwa, na kila pigo lina dawa yake inayojulikana. Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, anayejulikana michezoni kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka wa 2018 kwa sababu ya gemu hii hii. Mimi nilikuwa nikijidanganya kwamba nikipewa pedi nzuri nitakuwa kama yeye.

Aliyeketi kando yangu alikuwa mvulana wa darasa la sita, miguu haifiki sakafuni. Alinipiga raundi tatu mtawalia. Kila mara alinifagia miguu kwa teke lile lile la chini, nami nilikuwa nimesimama wima kama mlingoti, kwa sababu miaka yote sikuwahi kujifunza kuinama. Kwa nini nijifunze, na pedi ilikuwa mbovu? Niliitazama ile mpya mkononi. Kijiti kilikaa katikati, kimetulia, hakivuti popote. Nikawa sina la kusema.

Usiku huo nilimwambia Mama. Hakunichapa wala hakupaza sauti. Aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda, kisha akasema, "Zile mia sita utazirudisha wewe, si mimi." Kaka alininunia wiki nzima, na akisoma hapa ataninunia tena. Kaka, pedi yako ilikuwa nzima. Uliacha beki zako wote mbele, nilikuona.

Siku hizi Mama ameniruhusu kwenda kila Jumamosi, gemu moja tu, nikishamaliza kufua. Ninainama vizuri sasa, ingawa yule mtoto bado ananipiga mara mbili kwa tatu. Kumwambia mwenye kibanda uso kwa uso bado sijaweza. Ninacheza gemu moja, ninalipa mbili. Kwa hesabu hiyo ni Jumamosi 30, nami nimefika 11. Mara mbili amenikimbilia mpaka nje ya pazia kunirudishia ishirini yangu, akidhani nimehesabu vibaya, na mara zote mbili nimemwambia aiweke tu, nitaicheza siku nyingine.