Barua kutoka Marekani: Mafuta ya Biskuti ya Tini

Ndugu zangu wa nyumbani, huku Marekani kuna biskuti iitwayo Fig Newton: ganda laini la unga kwa nje, tini iliyosagwa kwa ndani. Ilianza kutengenezwa mwaka 1891 karibu na Boston, ikapewa jina la mji jirani wa Newton. Newton yule mwanasayansi wa tufaha hahusiki. Miaka ya 1990, Wamarekani walipoyaogopa mafuta kuliko sukari, akazaliwa ndugu yake asiye na mafuta kabisa. Mimi nashika ile ya asili, na ushahidi wangu umeandikwa kwenye pakiti zenyewe. Biskuti mbili za asili zina takriban gramu 2 za mafuta na kalori 100. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, kwa hiyo mafuta yote yaliyomo hayafiki hata kalori 20. Zilizobaki zinatoka kwenye unga, sukari na tini. Biskuti mbili zisizo na mafuta zina kalori 90 hivi. Yametolewa mafuta ya kalori 18, lakini pungufu tunaloliona ni kama 10 tu, kwa sababu pengo hujazwa wanga na sukari. Tena kilichotolewa kilikuwa na kazi yake. Mafuta huzunguka chembe za unga na kuzuia gluteni, protini ya unga inayonata, isishikamane sana, ndipo ganda likavunjika vizuri mdomoni. Bila hayo, ganda hutafunika kama mkate uliolala, na utamu wa tini hubaki peke yake, mkali, bila kitu cha kuutuliza.

Kuna watakaosema hofu ile haikuwa ya bure. Kweli. Biskuti nyingi za viwandani zilikuwa na mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa sehemu kwa haidrojeni, yenye madhara kwa moyo, na mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama. Lakini dawa yake ilikuwa kubadili aina ya mafuta, jambo ambalo viwanda vimelifanya, si kuyafuta na kuongeza sukari. Mgonjwa aliyekatazwa mafuta na daktari wake simbishii hata kidogo. Wengine husema kila kidogo kinasaidia. Basi tukipime hicho kidogo: kwa sheria za hapa, neno “mafuta yamepunguzwa” hudai upungufu wa angalau asilimia 25, yaani, kwa biskuti mbili za asili, nusu gramu. Mstari unaostahili macho yetu ni ule wa sukari iliyoongezwa, ambao siku hizi lazima uandikwe kwenye pakiti. Na anayetaka kweli kupunguza, ale biskuti moja ya asili badala ya mbili: ataacha kalori 50, mara tano ya zile anazookolewa na pakiti isiyo na mafuta.