Betri ya Nyumbani Kwetu

Mhariri wa gazeti letu ametutaka sisi wa kidato cha nne, kabla hatujaondoka hapa shuleni, tuandike kila mmoja jambo moja alilojifunza nje ya darasa. Wenzangu wengi wataandika habari za safari na michezo. Mimi nitaandika habari za betri. Najua wapo watakaocheka, lakini nawaomba wavumilie mpaka mwisho, maana betri hiyo ilinifunza somo ambalo mwalimu wetu wa fizikia alikwisha nifundisha, nami nikadhani nimelielewa.

Kwetu ni Mufindi, katika mkoa wa Iringa, si mbali na mji wa Mafinga. Ni nchi ya vilima, yenye misitu ya kupandwa na mashamba ya chai. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko si ya mchezo. Kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani, na ukungu hukaa mpaka jua limepanda sana. Baba yangu ni seremala, na mama yangu hufuga kuku.

Mtakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa na mgawo wa umeme. Siku zile mama alikuwa na vifaranga wadogo katika bruda. Kwa wale wasiofuga, bruda ni mahali pa kulelea vifaranga waliototolewa bila mama wa kuwafunika. Kifaranga wa siku chache hana manyoya ya kumkinga na baridi. Wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na baadaye hupunguziwa kidogo kidogo kila wiki. Umeme ulipokatika, mama aliwasha jiko la mkaa akafunga madirisha, akalala humo humo ili awaangalie. Alfajiri tulimkuta ameshika kichwa, anatapika, na kusimama hawezi. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Mungu alimnusuru.

Tangu siku hiyo baba akaazimia kununua sola. Aliuza mbao zake za miezi kadhaa, akanunua paneli moja, betri ya volti 12 yenye ampia-saa 200, na inveta, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa kwenye nguzo. Fundi alipokwisha kufunga, baba alituita sote akasema, "Betri hii ni ya vifaranga. Wakishatosheka, ndipo sisi tuwashe taa ya mezani. Zaidi ya hapo, niulizeni kwanza."

Mwezi wa Februari mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kuzalisha umeme. Bwawa hilo mitambo yake ni tisa, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Mgawo ukaisha, na majirani wengine wakamwambia baba kuwa fedha zake zimepotea. Baba akajibu, "Bwawa liko Rufiji na nyumba yangu iko hapa. Katikati pana nguzo nyingi." Na kweli, upepo ukiangusha mti juu ya waya, au transfoma ya mtaa ikiharibika, umeme hukatika hata kama mto umejaa tele.

Basi, likizo ya Juni mwaka 2025 nilirudi nyumbani nikiwa kidato cha tatu. Nilirudi kwa majivuno kidogo, maana katika fizikia tulikuwa tumesoma umeme, nami nilikuwa nimepata alama nzuri. Nilimkuta mama na vifaranga chotara 100, wa siku sita. Alikuwa amewanunua kwa mkopo wa kikoba, na fedha za mauzo zilikuwa na kazi yake: kulipa mkopo huo, nauli yangu, sare yangu na mahitaji yangu ya bweni.

Jumamosi moja baba alikuwa amesafiri kwenda Makambako kutafuta kazi ya madirisha, na mama alikuwa kwenye kikao cha kikoba. Yapata saa kumi jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Jirani yetu mmoja alipita akaona taa yetu inawaka. Akaingia na pasi mkononi, akaniambia kwamba kesho mwanawe anabarikiwa kanisani na nguo zake hazijanyoshwa. Ningemkataliaje? Nikamruhusu. Mara akaja wa pili na pasi yake, na wa tatu, na watoto wakaja na simu za wazazi wao, zikafika simu 11. Ua wetu ukajaa watu. Mzee mmoja akanisifu mbele yao wote, akisema, "Huyu ndiye msomi wetu, kwao umeme haukatiki." Nami kichwa kikanivimba. Nikasimama kando ya inveta nikawaeleza habari za volti na ampia, na wakati nikiwaeleza pasi zilikuwa zikivuta umeme nyuma yangu.

Watu walipoondoka, nilitazama taa ndogo ya betri. Asubuhi ilikuwa ya kijani. Sasa ilikuwa ya njano. Moyo ulinishtuka. Jua lilikwisha kuzama, na paneli haingeweza kuongeza chochote mpaka kesho.

Sasa yafaa niwaeleze desturi ya mama umeme unapokatika. Jioni, watu wakiwa macho, huwasha jiko la mkaa katika chumba cha bruda, mlango ukiwa wazi na mtu akiwa macho karibu. Saa nne, watu wakienda kulala, hulitoa jiko nje na kuwasha taa mbili za joto kwa betri, kila moja ya wati 100. Kisha huamka saa tisa za usiku, akawasha jiko tena na kukaa nalo mpaka kuche. Kwa hiyo kazi ya betri ni kuwashika vifaranga saa tano tu, zile ambazo mama amelala.

Saa nne ilipofika mama aliniuliza, "Mwanangu, betri imejaa?"

Nikajibu, "Imejaa, Mama."

Akalitoa jiko, akazima makaa kwa mchanga, akaenda kulala.

Mimi sikulala. Nililala chali nikisikiliza, nikijiambia kwamba labda umeme utarudi sasa hivi na hakuna atakayejua. Saa tano ilipopita kidogo nikasikia inveta inalia mlio mwembamba, kisha kimya. Nikajua taa zimezimika. Hapo ndipo ningeruka kitandani nikamwamshe mama. Lakini nilijifunika blanketi. Nilimwogopa mama, ambaye hajapata kunipiga tangu nimalize darasa la saba, kuliko nilivyoogopa baridi ya Mufindi. Nikangoja umeme. Umeme haukuja. Saa saba sikuweza kuvumilia tena, nikaenda kugonga mlango wake.

Tulipoingia na tochi tulikuta vifaranga wamerundikana pembeni kama kichuguu. Ndivyo wafanyavyo wakipigwa na baridi: kila mmoja hutafuta joto chini ya mwenziwe, na wale wa chini hukosa pumzi. Mama hakusema neno. Aliwatenganisha kwa mikono yake, mmoja mmoja, nami nikachochea kuni jikoni. Tulijaza maji ya moto katika chupa na madumu, tukayafunga kwa vitenge, tukayapanga katikati ya maboksi na kuwaweka vifaranga pande zote. Mdogo wangu wa darasa la tatu aliamka naye, akakaa na vifaranga wanne kifuani, ndani ya sweta lake. Tulikesha tukibadilisha maji mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi tulihesabu. Waliokufa walikuwa 31.

Kengele ya kanisa ilipolia, yule mtoto wa jirani akapita na shati lake jeupe, limenyoka vizuri, akanishukuru kwa adabu. Nilishindwa kumwitikia.

Mama aliniuliza swali moja tu, nami nikamweleza yote: pasi, simu, taa ya njano, na mlio niliousikia nikajifunika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba yako utamwambia mwenyewe."

Baba alirudi Jumatatu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba," na kabla hajavua koti nikamwambia. Nilitegemea fimbo. Badala yake alimaliza kunywa chai, akaniletea daftari na kalamu, akasema, "Wewe umesoma. Nipigie hesabu. Nataka kujua umeme umekwenda wapi."

Tukakaa pamoja. Volti 12 mara ampia-saa 200 ni wati-saa 2,400. Lakini betri ya namna yetu, yenye risasi ndani, haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, kwani ukiikausha mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo inveta yetu imepangwa ikate ikifika hapo, na ghala letu halisi ni wati-saa 1,200 tu. Taa mbili za vifaranga ni wati 200. Gawanya, utapata saa sita. Toa kile kinachopotea katika inveta, zinabaki saa tano na zaidi kidogo. Kumbe baba hakununua betri kwa kubahatisha. Alikuwa ameipima sawasawa na usingizi wa mama.

Kisha tukaandika matumizi yangu. Pasi ya wati 1,000 haivuti umeme muda wote, kwa maana huwaka na kujizima ikishapata moto. Tukakadiria kwamba pasi tatu, kila moja kwa nusu saa, zilikula wati-saa 750. Simu 11 zilikula kama 110. Ukiongeza upotevu wa inveta, nilikuwa nimetumia karibu 950. Vifaranga niliwaachia 250, yaani saa moja na dakika chache. Niliitazama hesabu ile na haya zikanishika. Ilikuwa hesabu ile ile niliyopatia vema kwenye mtihani, ila kwenye mtihani hapakuwa na vifaranga.

Nikamwambia baba kwamba nisingeweza kuwakatalia majirani. Akaniambia, "Kuwasaidia majirani si kosa. Hata mahindi ya ghalani huwagawia watu, lakini kwanza hupima madebe. Ungempa mmoja anyoshe shati la mtoto, ukawaambia wengine kweli. Nawe ungemwambia mama yako saa nne kwamba betri imebaki kidogo, asingelizima jiko. Angekesha, na vifaranga wangepona. Pasi zilikula umeme tu. Neno lako 'imejaa' ndilo lililowaua."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa saa moja na dakika chache.

Wale 69 waliobaki walikua, wakauzwa mwezi wa Oktoba. Fedha hazikutosha mkopo, na baba aliongezea kwa kutengeneza vitanda viwili alivyovifanya usiku. Mimi nilirudi shuleni na viatu vyangu vya zamani, vilivyoshonwa kisigino, na sikuona kuwa nimeonewa.

Tangu hapo, kila nikiwa nyumbani, kuna daftari linaloning'inia kando ya betri. Asubuhi mdogo wangu huandika kama jua lilikuwa kali au ukungu umezuia, maana siku ya ukungu paneli huingiza kidogo sana. Jioni mimi huandika kilichotoka. Anayetaka kutumia hutazama wati zilizoandikwa kwenye chombo chake, na kama chombo hicho ni cha kuchemsha au kuchoma, kama birika, pasi au jiko la umeme, hajisumbui kuuliza: hivyo ndivyo vinavyomaliza betri. Taa ndogo ya wati 9 yaweza kuwaka usiku wote kwa umeme ambao pasi huumaliza katika dakika chache. Na mwishoni mwa kila ukurasa baba ameagiza tuandike kilichobaki, hata kama kinatia aibu.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, mtakapofika kwenye mlango wa umeme, msikariri kanuni tu. Nendeni nyumbani mkaipime kwenye vitu vyenu. Nanyi wazazi mliofunga sola majumbani, waonyesheni watoto wenu kipimo cha kilichomo, wasiione taa inawaka wakadhani haina mwisho.

Nami nawaombeni jambo moja la mwisho. Mama akiuliza kama betri imejaa, mwambieni kama ilivyo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV