Saa Mbili za Walimu

Mjadala wa elimu jumuishi kwetu Tanzania hufungwa kwa jibu lile lile: hatuna uwezo, Ulaya wana hela. Jibu hili linaniudhi, kwa sababu hapa Italia ninapoishi naona kwamba hela pekee haimweki mtoto mwenye ulemavu katikati ya wenzake. Kinachomweka ni namna kazi ya mwalimu ilivyopangwa. Sheria namba 517 ya mwaka 1977 ilifuta madarasa ya kuwatenga watoto, na mwalimu wa msaada akaingia darasa la kawaida. Huyu hakabidhiwi mtoto mmoja akae naye pembeni. Kisheria ni mwalimu wa darasa zima, na hushiriki kuwatathmini wanafunzi wote. Mpango wa mtoto anayehitaji msaada huandaliwa na walimu wote wa darasa pamoja na wazazi na wataalamu. Tena mwalimu wa shule ya msingi, juu ya saa 22 za kufundisha kwa wiki, ana saa 2 za kupanga masomo na wenzake, na saa hizo zimo kwenye mkataba wake.

Kwetu tuna kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida. Mtoto ameandikishwa shule moja na jirani zake, lakini mara nyingi yeye na mwalimu wake wa elimu maalumu wanaishi kama wapangaji: uwanja mmoja, mlango mbali. Wala si kwamba fikra zilitupita. Mwaka 1967 wanafunzi wa Barbiana, kijiji cha milimani Toscana, wakiwa na padri Lorenzo Milani, walitoa kitabu kuishtaki shule iliyowafelisha watoto wa wakulima. Mwaka huohuo Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akiipinga shule inayochuja wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Mwaka 1977, Italia ilipopitisha sheria ile, sisi tulikuwa kwenye UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tukiwafungulia watoto mlango. Haki tukaihesabu kwa walioandikishwa. Nani amfundishe nani, na lini walimu washauriane, hatukuuliza vya kutosha.

Nitaambiwa darasa la watoto mia halina nafasi ya mambo haya. Msongamano ni dhuluma, na lazima madarasa yaongezwe. Lakini mwalimu mwenye watoto mia ndiye hasa anayemhitaji mwenzake wa kitengo amwonyeshe jinsi ya kumfundisha asiyeona. Nitaambiwa pia kwamba kiziwi anahitaji wenzake wa lugha ya alama. Ni kweli, na sitetei kufunga shule za viziwi. Nazungumzia ukuta ulio ndani ya shule moja. Italia yenyewe haijakamilika: walimu wengi wa msaada hawana mafunzo maalumu, na wengi hubadilishwa kila mwaka, mtoto akaanza upya na mgeni. Hilo linathibitisha hoja yangu: hata palipo na hela, ushirikiano ukikatika mtoto hubaki peke yake. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) umetupa jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu hukutana, na huo ni msingi mzuri. Ila kikao kinachotegemea moyo wa mwalimu aliyechoka, baada ya vipindi, hufa mitihani ikikaribia. Serikali iweke saa mbili kama zile za Italia ndani ya ratiba, izihesabu kuwa kazi na izilipie, na mwalimu wa kitengo awemo kikaoni tangu wiki ya kwanza ya muhula.