Jukwaa la vikaragosi: nani akae nyuma ya pazia?

Kumwita mtu kikaragosi ni kumtukana. Maana yake ni kwamba hana lake: anachezeshwa na mkono wa mwingine. Hata hivyo, neno lenyewe lina ukoo mkubwa kuliko tusi hilo. Ndani yake linasikika jina la Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, aliyewachekesha watu wa Istanbul kwa karne nyingi, hasa katika usiku wa Ramadhani. Umbo lake lilikatwa katika ngozi iliyolainishwa hadi ikapitisha mwanga, likapakwa rangi, likachezeshwa kwa vijiti nyuma ya kitambaa cheupe kilichowambwa. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Na kule Misri, karne nyingi kabla ya hapo, tabibu Ibn Daniyal aliandika tamthilia za vivuli ambazo maandishi yake yapo hadi leo.

Tumeitaja historia hii kwa sababu, tulipopendekeza mchezo wa vikaragosi kwa watoto wa madrasa yetu ya mwisho wa wiki hapa Dar es Salaam, swali la kwanza halikuwa la mbao wala misumari. Mzee mmoja tunayemheshimu aliuliza: je, huku si kutengeneza masanamu? Tulilipeleka swali lake kwa sheikh wetu. Alitukumbusha kuwa imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (RA) alikuwa na wanasesere wake, na Mtume (SAW) hakumkataza kucheza nao. Akatukumbusha pia simulizi ya Bi Rubayyi' bint Mu'awwidh (RA), kwamba walipowazoeza watoto kufunga siku ya Ashura, waliwatengenezea vichezeo vya sufu ili wawaliwaze mpaka wakati wa kufuturu. Kwa ushahidi wa namna hii, wanazuoni wengi wamevitoa vichezeo vya watoto katika katazo la sanamu. Pamoja na hayo, kwa kumstahi mzee wetu, tulikubaliana kuwa mchezo uwe wa vivuli vya wanyama, bila nyuso.

Ndipo likaja suala la jukwaa. Fundi mmoja wa Keko alitupa bei ya jukwaa la mninga lenye nakshi, na bei hiyo ingetosha kuwavisha mayatima wa madrasa nguo za Idi. Tulimshukuru, tukaondoka. Tuliporudi tulitazama njia nyingine tatu.

Ya kwanza ni mlango. Kanga mbili zikifungwa kwenye fremu ya mlango, moja chini na nyingine juu, nafasi inayobaki katikati ni jukwaa tayari. Kwa familia yenye watoto watano au sita, hatuoni haja ya kutafuta zaidi. Kasoro yake ni kuwa watazamaji hawawezi kuzidi chumba kimoja, na njia ya nyumba inazibwa. Ya pili ni boksi kubwa juu ya meza, wachezaji wakijificha chini ya kitambaa cha meza. Hili linafaa vikaragosi vya soksi, lakini likiguswa na bega huanguka. Ya tatu ni kiwambo cha mikunjo mitatu kinachosimama chenyewe sakafuni na kukunjwa baada ya mchezo. Hicho ndicho tulichokichagua, kwa kuwa watoto wetu wanafika arobaini na chumba cha madrasa ni kilekile cha darasa.

Vipimo hatukuvitoa kitabuni. Tulimpigisha magoti mtoto mrefu kuliko wote katika wachezaji, tukapima mpaka utosini, tukaongeza kidogo. Ukingo wa chini wa dirisha la jukwaa ukawa sentimita 110 kutoka sakafuni. Dirisha lenyewe lina upana wa sentimita 120 na kimo cha 70. Mabawa mawili ya pembeni yameshikwa kwa bawaba, na yakifunguliwa kwa pembe, jukwaa halitikisiki. Kwa tahadhari tuliweka vifuko vya mchanga miguuni. Mbao ni za paina, nyepesi, ili kina mama wawili waweze kulibeba bila kumngoja mwanamume. Sehemu ya chini na mabawa tulivifunika kwa kaniki isiyopitisha mwanga, na dirishani tukawamba bafta nyeupe. Wanyama tuliwakata katika karatasi ya manila na kuwafunga kwenye vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha.

Taa ni balbu moja ya LED, iliyofungwa nyuma na juu ya vichwa vya wachezaji ili vivuli vyao wenyewe visiingie mchezoni. Taa ndefu ya mrija hutawanya mwanga na kivuli hupoteza ukali. Koroboi na mshumaa tulivikataa kabisa: kitambaa na watoto havikai karibu na moto. Umbo likibanwa kwenye bafta, kivuli chake ni kikali. Likirudishwa nyuma, kivuli hukua na kufifia. Watoto waliligundua hilo kabla hatujawaeleza, na simba wao akawa anakua kila anaponguruma.

Miongoni mwa wachezaji alikuwamo mvulana wa miaka 11 mwenye kigugumizi. Qur'an huisoma vizuri, kwani kisomo kina mahadhi yake yanayombeba. Lakini akiulizwa swali la kawaida, hutazama chini mpaka mwenzake ajibu. Aliomba awe mbuzi. Siku ya mchezo, katika mwezi wa Shaabani, alikwama mara mbili au tatu, na watoto wakamcheka mbuzi. Hakuna aliyegeuka kumtazama yeye, maana hakuonekana. Mbuzi alingoja kicheko kiishe, akaendelea na maneno yake mpaka mwisho. Katika safu ya kina mama, mama yake aliijua sauti, akajifunika mdomo kwa ushungi.

Mchezo ulipokwisha, sisi watu wazima tulitofautiana. Baadhi yetu walitaka kitambaa kiondolewe ili wachezaji waonekane na kupongezwa, na wadogo wajue kuwa kila kinachotikisika kina anayekitikisa. Wengine walihofu kuwa mtoto aliyepata sauti yake gizani atanyang'anywa sauti hiyo akimulikwa ghafla. Wakajibiwa kwamba pazia likizoeleka huwa maficho, na hatukumlea mtoto ili aishi mafichoni. Kila upande ulikuwa na haki yake.

Tulimaliza kwa bawaba. Kitambaa hakiondolewi. Bawa la kulia huachwa wazi baada ya mchezo. Anayetaka kutoka hutoka, asiyetaka hubaki kupanga vikaragosi katika boksi lao. Mara ya kwanza mvulana yule alibaki ndani. Siku ya Idi alitoka akiwa na mbuzi mkononi, akawatolea wazee salamu kwa ulimi wake, akarudi zake ndani. Salamu ilichukua muda, na wazee waliingoja yote kabla ya kuitikia.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, unapotaka kujenga jukwaa nyumbani au madrasa, pima chumba, pima fedha, mpime na mtoto akiwa amepiga magoti. Kisha jiulize ni nani katika watoto wako ambaye hajasikika, na umjengee yeye kwanza. Muachie na mlango wa kutokea, usimsukume. Nabii Musa (AS) alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na alijibiwa. Tunamuomba Allah (SW) awafungulie watoto wetu ndimi zao, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza.