Ua na Ua

Pwani hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya; tuna vuli. Mvua zikianza Oktoba, miasumini iliyokaukiwa tangu Agosti huchipuka upya, na kabla ya Krismasi uani kwangu, hapa Dar es Salaam, huwa kweupe. Asumini hufunguka magharibi, na harufu yake hunifuata hadi chumba ninachosahihishia mitihani. Mlangilangi, ambao Wakomoro hutoa mafuta yake yauzwe kwa watengenezaji wa manukato wa Ufaransa, hunukia zaidi alfajiri. Mke wangu huchuma asumini na rehani akafunga vikuba. Mimi hukaa tu, wala sioni haya.

Lugha yetu imeliita ua la mti na ua la nyumba kwa jina moja. Mtaani kwetu la pili limekwisha kulifukuza la kwanza. Jirani yangu ametandaza vitofali vya saruji kutoka lango hadi ukuta, na ananishauri nami nifanye hivyo, niepukane na tope. Lakini maji yasiyozama kwake huteremkia bonde la Msimbazi. Tangu mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bondeni wamekuwa wakiambiwa wahame, na wengine wamebomolewa nyumba. Sisi wa mwinukoni, tunaowatelemshia maji, ni nani ametuuliza tumeziba udongo kiasi gani?

Nimemkatia jirani vipandikizi vitatu vya asumini. Viko katika kopo barazani kwake, vimeanza kutoa mizizi.