Je, Walifika Ng'ambo?

Ndugu wasomaji wa kambini, mimi niliyewaacha huko nikaja Marekani, leo nawasimulia safari ya kisiwa cha Alcatraz, San Francisco. Zamani kilikuwa gereza. Kwa boti ni kama dakika 15 tu. Ni mawe, upepo, ndege wa baharini na jengo kubwa la seli. Ukisimama pale uwanjani unaona mji kabisa, kama kilomita 2 hivi. Nikasema ah, hapa ni karibu! Sisi tuliovuka Tanganyika tuogope haya?

Kumbe maji hayafanani. Ziwa letu lina uvuguvugu, lakini haya ni nyuzi 10 hadi 15 hivi, mtu anakufa ganzi mikono kabla hajachoka. Tena ni bahari, inajaa na kupwa. Ikipwa, maji yote yanakimbilia mlango mmoja chini ya daraja la Golden Gate, na wewe pamoja nayo.

Usiku wa tarehe 11 Juni 1962 walitoroka watatu: Frank Morris na John na Clarence Anglin, ndugu wa tumbo moja. Walikuwa wamechimba ukuta kwa vijiko, miezi mingi. Kitandani waliacha vichwa vya sanamu, vyenye nywele za kweli kutoka kwa kinyozi wa gereza, askari akipita aone watu wamelala. Chelezo walikitengeneza kwa makoti ya mvua zaidi ya 50. Mwenzao wa nne, Allen West, alishindwa kutoka tunduni kwa wakati, akaachwa.

Baadaye lilipatikana kasia, na picha za familia zimefungwa vizuri zisilowe. Watu hawakupatikana. FBI walifunga faili mwaka 1979, wakaona walikufa maji. Lakini mwaka 2014 wataalamu wa Uholanzi walipiga hesabu ya mikondo kwa kompyuta: wakiondoka mapema, walichukuliwa baharini, wakiondoka karibu na saa sita usiku, waliweza kufika nchi kavu kaskazini ya daraja. Na Desemba ile ile ya 1962 mfungwa mwingine, John Paul Scott, aliogelea mpaka chini ya daraja. Walimkuta amezimia kwa baridi, ila mzima.

Kwa hiyo kuvuka kuliwezekana. Mimi naona nafasi walikuwa nayo, ndogo, na yote ilitegemea saa waliyoingia majini.

Mwaka 2013 polisi wa San Francisco walipata barua ya mtu aliyejiita John Anglin, akisema wote watatu walifika usiku ule. Mwandiko ukapimwa, jibu halikutoka. Wangekuwa hai leo wote wamepita miaka 90, na serikali bado haijaacha kuwatafuta.

Niliporudi botini niliwafikiria zaidi wale wa nyumbani kwao Anglin. Watoto wawili mara moja, wala kaburi hakuna. Kaka yangu alipanda mtumbwi upande wa Fizi mwaka 1996, usiku wa upepo. Wazee wakasema tuweke matanga. Mama akawauliza: nani alimwona akizama? Hakuna aliyejibu, na matanga hatujaweka mpaka leo.